Hakuna Shida, Afande

Koboko, 6 Machi 2023

Kwa Afande Anguzu, mkuu wa kituo cha polisi mstaafu, bwana wa dada yangu, Oli, Arua.

Shemeji,

Salamu kwanza. Mimi niko mzima, mbuzi wangu iko wazima, meno yangu ya mbele yameenda likizo na hayataki kurudi. Wewe sikuulizi habari ya afya, kwa sababu nasikia siku hizi tumbo lako linaingia mlangoni kwanza, halafu wewe unafuata.

Utajiuliza kwa nini huyu mzee anaandika barua kama watu wa zamani, na kila mutu iko na simu. Simu nilikuwa nayo. Mtoto wangu anayekaa Omugo alininunulia. Siku moja nimelala mchana ikalia, na mimi nikasikia redio ya kituo, ile siku ya moto, inaita, inaita. Nilipopata akili nilikuwa nje na shuka moja tu, na simu ilikuwa ndani ya choo cha shimo, inalia huko chini. Majirani walicheka sana. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini? Basi, barua. Shafiki wa gari la mihogo ndiye anakuletea.

Sasa maneno yenyewe.

Mwezi wa kwanza niliitwa Kampala, kwa bodi ya madaktari wanaoangalia polisi wa zamani walioharibika kichwa kazini. Daktari wetu hapa alinisukuma. Alisema: Mzee Yasiri, hii kuruka ukisikia sufuria imeanguka, hii kukaa macho, si uchawi wala pombe, ni ugonjwa, na ugonjwa wako ulitoka kazini. Nenda uwaambie yote. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ndani ya basi: moto, harufu, wale watu. Mama aliyekaa karibu na mimi alihama kiti.

Nikafika. Mlango unafunguliwa, nani amekaa katikati? Daktari, ndiyo, lakini daktari wa polisi, nyota inang'aa begani. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mzee, iko na shida gani?"

Shemeji, miguu yangu ilijipiga pamoja yenyewe. Kifua kikaenda mbele. Nikapiga kelele mpaka dirisha likatetemeka: "Hakuna shida, afande!"

Yule mutu akaandika. Akamaliza. Wakaniambia asante, mzee, uko na nguvu.

Hiyo ni kazi ya mikono yako. Kila Jumatatu kwa paredi ulikuwa unatuuliza, "Iko mutu na shida?" na sisi wote, "Hakuna shida, afande!" Okelo mmoja alisema iko, mtoto wake anaumwa, ukampa panga akakata nyasi ya kituo mpaka jua lilimwangusha. Kutoka siku ile hakuna mutu alikuwa na shida Koboko. Tulikuwa kituo cha watu wenye furaha.

Lakini kule Kampala wamefungua mlango mwingine kidogo. Wanasema kama mkuu wangu wa kazi anaweza kushuhudia kwamba nilikuwa kwa lori la mafuta siku lilipolipuka, wataniita tena. Mkuu wangu ni wewe. Nataka mstari mmoja tu: Koplo Yasiri alikuwa pale.

Unajua nilikuwa pale. Na unajua karatasi yangu ya kufukuzwa inasema nilitoroka kazi. Sokoni mpaka leo wananiita Mtoro. Watoto ambao lile lori lililipuka kabla mama zao hawajavunja ungo wananiita Mtoro. Marehemu Mindra wangu alizikwa akiwa mke wa Mtoro. Sitaki kuzikwa mimi pia na hilo jina.

Andika mstari, nitasahau mengine. Usipoandika, kumbuka mimi ni mzee, sina kazi, na sina usingizi. Iko na muda mwingi wa kukufikiria.

Ni mimi,
Yasiri


Oli, Arua, 27 Machi 2023

Kwa Bw. Yasiri, Koboko.

Kuhusu: Ombi la ushahidi

1. Barua yako ya tarehe 6 mwezi huu nimeipokea.

2. Lugha iliyotumika humo haifai kwa mtu wa umri wako. Mambo ya tumbo langu hayahusiki.

3. Bodi iliniandikia pia, nami nimeijibu moja kwa moja. Maneno yangu ni haya: "Siku ya ajali ya lori la mafuta nilikuwa mahali pale. Koplo Yasiri sikumwona."

4. Sina la kuongeza. Naomba suala hili lifungwe.

5. Dada yako anakusalimu.

Anguzu
Mkuu wa Kituo (Mstaafu)


Oli, 15 Juni 2023

Kaka Yasiri,

Ni mimi Kiden, au Rosa kama kanisa langu linavyotaka. Habari ya Koboko? Mvua imeshuka? Huku mto umepanda, umeingia kwenye mchicha wa majirani.

Nina neno zuri. Emilia amepata mutu. Anaitwa Amandu, fundi wa sola, watu wake wako Omugo. Ni kijana mwenye adabu. Akija anavua viatu mlangoni hata nikimwambia aache. Watu wake watakuja kuleta ng'ombe mwezi wa nane, tarehe kumi na tisa, nyumbani kwa wazee wa bwana wangu kule Aroi.

Sasa wewe unajua, hapa hakuna mjadala. Kwetu Koboko na kwa hawa watu wa Aroi ni vile vile: mjomba wa msichana asipokaa kwenye kiti chake, na asipokula nyama yake kutoka mkono wa baba, wageni wanarudi na ng'ombe wao. Emilia hana mjomba mwingine. Baba yetu alizaa wengi, kaburi likachukua wengi, umebaki wewe.

Sijui wewe na bwana wangu mnagombania nini. Jina lako likitajwa anatoka nje kukagua paa. Paa letu limekaguliwa sana mwaka huu. Wewe njoo tu, kwa ajili ya mtoto.

Jambo moja, usije ukasema dada yako amekuwa mchoyo. Nyama yako itachemshwa. Hapa kwetu tunachemsha tu. Tangu tuhame kituo cha Koboko huyu mutu hataki kitu cha kuchoma nyumbani. Hata jirani akiweka nyama juu ya makaa, anafunga madirisha yote, anafungua redio kwa sauti ya juu. Anasema ni tumbo. Mpaka kuku wa Pasaka anachemshwa kama chakula cha mgonjwa. Nimezoea. Usikasirike.

Dada yako,
Rosa Kiden


Koboko, 2 Julai 2023

Shemeji mpendwa, mpendwa sana, mpendwa kuliko mbuzi wangu wote,

Tumbo!

Nilisoma barua ya dada yangu nikacheka mpaka mbuzi walikimbia. Tumbo! Wewe mutu, nilikuona ukila panya wa shamba kule njia ya Kaya, na chumvi hukuomba. Leo iko na tumbo linaloogopa kuku wa Pasaka?

Nikuambie kitu, sijawahi kumwambia mutu. Siku ya soko mimi sipiti pale kwa wachoma nyama. Nazunguka nyuma ya msikiti, napita kwa mafundi cherehani, natokea upande mwingine kama mwizi. Ile harufu ikinikuta njiani, natapika ndani ya kofia yangu. Nimeosha kofia nyingi, shemeji. Miaka yote hii nilifikiri niko peke yangu na hiki kichaa. Kumbe iko viwili. Kimoja Koboko, kimevaa kanzu iliyotoboka. Kingine Oli, kimevaa suti na kinafunga madirisha.

Bodi imenijibu. Wamesema kwa maneno yako: sikuwepo. Haya. Kama sikuwepo, hii harufu niliitoa wapi? Niliinunua dukani?

Sasa sikiliza habari ya harusi. Nakuja Aroi. Nitakaa kwenye kiti. Dume la ng'ombe nitalichinja mwenyewe, kwa sababu mimi Mwislamu na wewe sijui siku hizi unaomba wapi. Mguu wa nyuma ni wangu, hilo hata wewe huwezi kubisha. Na mguu wangu nautaka umechomwa. Si kuchemshwa. Juu ya makaa, mbele ya wageni, na mkono wa baba wa msichana mwenyewe, mpaka mafuta yadondoke na moto uruke juu. Waulize wazee wako kama mjomba hana haki ya kuchagua nyama yake ipikwe vipi. Mimi nimeshawaandikia. Wamefurahi sana, wanasema kwako hawajala nyama ya maana miaka mingi.

Kama hupendi, njia nyingine unaijua. Mstari mmoja kwa bodi. Nilikuwa pale, au utachoma.

Natabasamu wakati naandika. Ungeona, meno yaliyobaki yanaonekana yote.

Yasiri, ambaye hakuwepo


Oli, Arua, 14 Julai 2023

Kwa Bw. Yasiri, Koboko.

Kuhusu: Mguu

1. Mguu uliotajwa utachemshwa.

2. Badala yake, utapewa beberu mmoja akiwa hai, umpeleke Koboko ukamfanye utakavyo.

3. Moshi ni hatari kwa maturubai ya wageni, ambayo ni ya kukodi.

4. Kuhusu mstari unaoutaka, jibu langu halijabadilika.

5. Yasiri, nakuomba.

Anguzu


Koboko, 20 Julai 2023

Kwa Mkuu wa Kituo (Mstaafu).

Kuhusu: Mguu

1. Utachomwa.

2. Na wewe.

3. Hakuna shida, afande.

Yasiri


Oli, 23 Agosti 2023

Yasiri,

Leo sikuiti kaka.

Nilikuwa nimesimama nyuma yako na sinia la maji ya kunawa. Niliona vyote. Niliona umeziba pua na pamba. Ulifikiri hatuoni? Watoto walikuwa wanasema, tazameni, mjomba amekufa na bado amekaa. Nikajiuliza kwa nini mutu adai nyama choma halafu azibe pua. Sikuelewa. Sasa nimeanza kuelewa, na afadhali nisingeelewa.

Bwana wangu alisimama kwenye yale makaa na suti yake ya kijivu, jasho linatoka mpaka kwenye viatu. Na wewe kwenye kiti: "Geuza, shemeji, upande ule bado." Akageuza. "Geuza tena." Wageni wakacheka, walifikiri ni utani wa mashemeji, na utani mashemeji wanaruhusiwa. "Mbona unatoka jasho hivyo, afande? Iko na shida?" Na yeye alijibu, Yasiri. Wewe ulimsikia. Alijibu, "Hakuna."

Halafu mafuta yakaanguka, moto ukaruka, na yeye akaita, "Adriko!" Watu wakafikiri anamwita kijana fulani alete maji. Akaingiza mikono yote miwili ndani ya moto. Hakuteleza. Aliiingiza kama mutu anayetoa kitu ambacho hataki kiharibike. Akauvuta ule mguu, akaukumbatia kifuani, akakimbia nao kwenye mihogo.

Tulimkuta amekaa katikati ya shamba na mguu wa ng'ombe mapajani. Alikuwa anauambia, "Tumefika, tumefika, usilale." Emilia ndiye alimbandua vidole kwenye nyama, kimoja kimoja. Na nguo yake ya sherehe ikaharibika.

Wewe ulicheka kwanza. Nilikusikia, usikatae. Halafu ukainama ukatapika kwenye miguu yako, ukalia kama mtoto, na pamba ikatoka. Hakuna mutu aliyekuja kukushika. Mimi pia sikuja.

Watu wa Omugo walisubiri kidogo kwa heshima, halafu wakafungua ng'ombe wao wakaondoka. Mjomba hakula.

Nimekaa na huyu mutu miaka yote, nachemsha nyama, nafunga madirisha, na hakuna mmoja wenu aliyenipa hata neno moja. Sasa mikono yake yote imefungwa bandeji, mimi ndiye namlisha. Nataka kujua jambo moja. Adriko ni nani?

Rosa Kiden


Oli, Arua, 10 Septemba 2023

Yasiri,

Barua hii anaiandika Emilia, kwa kuwa mikono yangu haishiki kalamu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asirekebishe. Mama yake amekaa hapa anasikiliza. Kwa hiyo nawaambia wote watatu kwa pamoja, ili nisilazimike kusema mara ya pili.

Konstebo Adriko alikuwa kijana wetu kituoni Koboko. Siku lori la mafuta lilipoanguka kwenye kona, watu walikuja na ndoo, na jerikeni, na mabeseni ya kuogea watoto. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza na kufunga barabara. Pikipiki ya kituo ilikuwa haina mafuta tangu mwezi uliotangulia. Nilikutazama wewe, nikakupa jerikeni ya kituo, nikasema, jaza moja kwanza, halafu tutawafukuza.

Ulijaza. Ulikuwa unatembea na jerikeni kurudi kwenye gari letu, lori lilipolipuka. Ndiyo maana uko hai. Adriko alikuwa bado kule chini anabishana na mama mmoja mwenye beseni.

Mimi nilikimbia. Nilipita karibu na wewe na sikusimama.

(Mjomba, ni mimi Emilia. Mama amempa baba chai. Ngoja.)

Ulipoanza kuwa vile ulivyokuwa baadaye, kuruka usingizini, kulia kwenye zamu, kuacha lindo ukaenda kukaa mtoni, niliogopa. Niliogopa kwamba daktari atakuuliza ulikuwa wapi, utasema kwa lori. Atauliza ulikuwa unafanya nini, utasema nabeba jerikeni. Atauliza jerikeni ya nani. Nikaandika kwamba umetoroka kazi. Ilikuwa karatasi moja tu. Nilijiambia utapata kazi nyingine, Yasiri ni mtu wa utani, watu wa utani hawaumii.

Bodi nimewaandikia upya, kwa mkono wa Emilia, na nimetia dole gumba kama mtu asiyesoma. Nimesema ulikuwa pale kwa amri yangu, na nimesema amri ilikuwa nini.

Hilo limekwisha. Sasa lililobaki ni gumu zaidi kuliko lile.

Daktari anayenifunga bandeji ameniuliza kwa nini niliingiza mikono motoni. Amesema mimi pia niende kwa bodi. Bodi itataka shahidi aliyekuwepo. Wengine wote wamekufa. Umebaki wewe.

Najua unacheka. Cheka. Halafu nijibu.

Anguzu

(Mjomba, Emilia tena. Hii asiisikie. Amandu amekuja peke yake, akavua viatu mlangoni. Anasema wazee wake watarudi na ng'ombe kama mjomba atakaa tena kwenye kiti na kula. Mimi na wewe tutazungumza siku moja kuhusu ile nguo yangu. Si leo.)


Koboko, 28 Novemba 2023

Shemeji,

Sikucheka. Nilijaribu. Nilikwenda mpaka nyuma ya zizi, mahali ambapo hakuna mutu, nikafungua mdomo, haikutoka. Umeniharibia hata hiyo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niende Kampala. Walinipokea. Ni yule yule mwenye nyota. Safari hii kabla hajafungua mdomo nilimwambia: afande, nipe kiti, mimi nikisimama mdomo wangu unasema uongo. Akanipa kiti. Akaniuliza. Nilishika kiti pande zote mbili ili miguu isiinuke, nikamwambia. Nilimwambia mpaka yule mwanamke anayeandika aliweka kalamu chini. Wamekubali. Karatasi inasema Koplo Yasiri aliumia akili akiwa kazini. Neno la kutoroka wamelifuta.

Niliipeleka sokoni siku ya watu wengi. Nilipanda juu ya kreti la soda nikawasomea: sikilizeni nyinyi, mimi si mtoro, mimi ni kichaa, na serikali imethibitisha! Walipiga makofi. Sasa wananiita Afande Kichaa. Ni cheo, shemeji. Kimezidi koplo. Halafu nilikwenda kwenye kaburi la Mindra nikamsomea tena, polepole, kwa sababu yeye alipenda kusikia neno mara mbili.

Sasa wewe.

Sijakusamehe. Sitaki dada yangu aje aseme tumepatana. Wewe uliniita mtoro ili usiitwe mtoro, na mimi nililibeba hilo jina lako miaka yote kama ile jerikeni, na wewe umekaa Oli unakagua paa. Kila nikifunga macho nakuona umefunga madirisha na moyo wangu unafurahi. Nikikumbuka mikono yako ndani ya moto, kuna sehemu ndogo ya moyo inafurahi bado. Sehemu nyingine inatapika. Nipe muda, sijui itashinda ipi.

Ushahidi wako nitaandika. Lakini nitaandika vile ninavyotaka mimi, na maneno yote yatakuwamo, na lile la kukimbia litakuwa juu kabisa mahali pa kuonekana. Hutaifuta hata nukta. Utaupeleka mwenyewe kwa mikono hiyo hiyo. Utasimama mbele yao wakiusoma kwa sauti. Usiombe kiti mpaka wamalize.

Kama hutaki, endelea na tumbo lako.

Mwambie Emilia nakuja Aroi mwezi wa pili, na nguo nitanunua, achague rangi. Mguu wangu, mwambie Kiden, uchemshwe. Uchemshwe mpaka usikumbuke kwamba ulikuwa nyama.

Yasiri


Oli, 16 Desemba 2023

Yasiri,

Naandika mwenyewe. Ni mistari mibovu, nisamehe.

Sitaifuta hata nukta.

Anguzu


Koboko, 9 Januari 2024

Kwa wakubwa wa bodi ya madaktari, Kampala.

Wakubwa,

Mimi ni Koplo Yasiri wa Koboko, mnanijua, yule wa kiti. Aliyeleta hii barua amesimama mbele yenu, jina lake Anguzu, alikuwa mkuu wa kituo chetu. Ni bwana wa dada yangu. Simpendi. Nasema hivyo mapema ili mujue kwamba hapa hakuna mutu anasaidia rafiki.

Siku lori la mafuta lilipolipuka kwenye kona ya barabara ya Koboko, nilimwona huyu mutu akikimbia. Alikimbia sana. Alinipita, akaniacha, hakugeuka. Kofia yake ilianguka na mimi niliikanyaga. Andikeni hilo kwa wino mzito.

Nilimwona pia akirudi.

Hilo yeye hakuwaambia, na hata mke wake hakumwambia, kwa sababu nafikiri yeye mwenyewe hajui. Katika kichwa chake bado anakimbia. Lakini mimi nilikuwa nimekaa barabarani na jerikeni mikononi, siwezi kusimama, na nilimwona amerudi bila kofia, akaingia pale ambapo hakuna mutu aliingia. Akamtoa Konstebo Adriko kwa mikono. Akambeba kifuani mpaka kwenye gari, anamwambia, tumefika, tumefika, usilale. Gari lilikuwa mbali bado. Adriko alikuwa anamjibu. Alipoacha kujibu, huyu mutu aliendelea kumwambia.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Tulipanga mstari. Alitoka mbele yetu, suruali yake bado iko na masizi, akatuuliza kama kawaida iko mutu na shida. Na sisi tuliobaki tukajibu kama kawaida. Yeye mwenyewe hakuna mutu alimuuliza.

Kwa hiyo mumuulize. Lakini nawaonya, wakubwa, mimi namjua muda mrefu, na huyu mutu ni mwongo. Mkimuuliza iko na shida gani, atapiga miguu pamoja, atatoa kifua mbele, na atawaambia hakuna.

Musimwamini. Mpeni kiti.

Koplo Yasiri, Koboko